Kabati Haliingii Tupu

Alhamisi ile watu wa Kibokoni waliamka wakakuta ukuta wa nyumba ya Maalim Taib umejaa chaki, kuanzia mlangoni mpaka karibu na dirisha la jirani. Palikuwa na mishale inayopanda na mishale inayoshuka, duara mbili zilizofungwa kwa mstari mmoja, tarakimu tele, na katikati ya yote mraba mkubwa wenye miguu minne. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na mahamri yake ya moto alisimama, akatazama, akaanza kusoma dua kimoyomoyo huku akiharakisha hatua.

"Si talasimu, mzee wangu!" Maalim akamwita kwa nyuma. "Ni kabati!"

"Kabati gani lenye mishale?" mzee akajibu bila kugeuka.

Kabati lenyewe lilikuwa la msaji, refu kuliko mtu, pana futi nne, lenye taji la nakshi juu na kioo katika mlango wa kulia. Lilikuwa la marehemu mama yake Swabaha, mkewe Maalim. Ndani ya kabati hilo Swabaha alijificha utotoni kila alipovunja kitu, na ndani yake alilia siku aliyoposwa na mwalimu wa fizikia, ingawa mpaka leo hajasema kama kilio kile kilikuwa cha furaha.

Siku ya arusi yao, miaka thelathini na minne nyuma, kabati lilifika chini ya ngazi za nyumba hii, na hapo likakwama. Ngazi za mawe za Mji wa Kale zilijengwa na watu wembamba wasio na mizigo: zapanda hatua sita, zakata kona, zapanda tena. Wanaume walisukuma, wakavuta, wakatoa jasho na lawama, na mwisho wakalirudisha Tudor kwa dada mkubwa, Fairuz. Taib, wakati ule kijana mwenye koti jipya na shahada mpya, alimshika bibi arusi mkono akamwambia, "Usijali. Nipe wiki moja."

Wiki ile ilikuwa bado haijaisha.

Sasa Fairuz alikuwa anahama Tudor kwenda kukaa na mwanawe Malindi, na Lamis, binti wa pekee wa Taib na Swabaha, nikaha yake ilikuwa kesho, Ijumaa. Jamaa za bwana arusi wangekuja leo baada ya alasiri kutandika chumba. Swabaha alitoa hukumu mbele ya mashahidi: kabati la mama liwe juu kabla ya alasiri, katika chumba cha Lamis. Likishindikana, Hussam fundi seremala atalikata mapande mawili, alipandishe ngazi, aliunge.

"Nitaliunga hutaona mshono, Bi Swabaha," Hussam aliapa.

"Mimi nitauona," Swabaha akajibu. "Hata nikifumba macho nitauona."

Basi Hussam alikuwa ameketi kwenye baraza ya mbele tangu asubuhi, mtu mnene mwenye kofia ya kiua na kikombe cha kahawa, na msumeno wake ameutundika kwenye msumari ukutani, pembeni tu ya hesabu za Maalim. Kila Maalim alipoinua chaki, kivuli cha meno ya msumeno kilimpitia mkononi.

"Maalim," Hussam akasema, "hebu nieleze mimi mjinga. Hili kabati hujalinyanyua hata mara moja. Uzito wake umeujuaje?"

"Mwezi wa Ramadhani nilikwenda Tudor na futi yangu. Nilipima kila ubao, urefu, upana na unene. Kila mti una uzito wake kwa kipimo kimoja, Hussam. Pishi ya pamba si pishi ya misumari. Nikijua kuna mti kiasi gani, na nikijua msaji una uzito gani, mizani ya nini? Kilo mia na ishirini, pamoja na kioo."

"Na bawaba?"

"Na bawaba."

"Na mchwa?"

"Hussam, kunywa kahawa yako."

Lakini Hussam alikuwa na asubuhi nzima mkononi. Akataka kujua kabati litapandaje. Maalim akamwonyesha boriti iliyochomoza juu ya dirisha kubwa la ghorofani, ile ya zamani ya kupandishia mizigo, aliyoijaribu jana yake kwa mifuko minne ya saruji. Kapi moja limefungwa pale juu, la pili litafungwa kwenye kabati, kamba ipite kote kuwili. "Ukivuta kamba, nusu ya uzito inabebwa na boriti. Kilo mia na ishirini zinakuwa sitini. Wanaume wanne, kila mmoja kilo kumi na tano. Huo ni mzigo wa kikapu cha sokoni."

"Mimi sokoni natumwa na mke wangu, nikirudi sina mgongo," Hussam akasema. "Na sakafu ya juu? Ile ni chokaa ya babu zako. Kabati lina vijiguu kama vya mbuzi."

Hapo Maalim alifurahi, kwa sababu ndilo swali aliloulizwa na Swabaha pia, na alikuwa na jibu. "Sakafu haitobolewi na uzito peke yake. Inatobolewa na uzito uliokanyaga mahali padogo. Shemeji yangu Fairuz akivaa viatu bapa anapita juu ya zulia salama. Akivaa vile vya kisigino cha msumari..."

"Dada yangu mwache!" sauti ya Swabaha ikateremka kutoka dirishani.

"...kwa hivyo nimeweka mbao pana chini ya kila mguu," Maalim akamaliza kwa sauti ndogo.

Kila mtu mtaani alijua jambo moja kuhusu Maalim Taib: alifundisha fizikia miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna aliyemwona akipigilia msumari. Taa ikiungua, Swabaha ndiye aliyepanda kiti. Maalim alisimama chini akishikilia kiti na kueleza kwa nini hakitaanguka. Yeye mwenyewe alijua wanavyomsema, na hakuchukia. Ila leo, kila alipotazama dirisha lile, alijiona yeye ndiye mtahiniwa. Kabati likikatwa, Swabaha hatapiga kelele. Atasema "haidhuru", na hilo neno ndilo aliloliogopa.

* * *

Saa sita kasoro mkokoteni ulitokea kona ya juu, na juu yake kabati limelala chali, limevikwa mablanketi kama mgonjwa. Aliyeshika mipini ni Kazungu Mung'aro, hamali mwenye mabega ya mraba na kicheko chepesi. Wenzake wawili walikuwa nyuma wakisukuma na kulizuia lisiteleze.

"Maalim, sabalkheri!"

"Sabalkheri, Kazungu. Umefika salama?"

"Salama, kutoka Tudor mpaka Buxton, mpaka hapa. Ila hili kabati, Maalim, lina tabia."

"Tabia gani?"

Kazungu akapangusa uso na ncha ya fulana. "Linavuta kushoto. Nilipolipakia katikati, mkokoteni ulitaka kunipeleka Kizingo. Nikalisogeza kidogo, likatulia. Upande mmoja limeshiba."

Maalim akatabasamu kwa upole, tabasamu la darasani. "Upande wa kushoto kuna rafu, kweli. Lakini kulia kuna kioo. Nimepiga hesabu, vinalingana kabisa. Katikati yake ni katikati."

Kazungu akalitazama kabati, kisha akamtazama Maalim. Alikuwa mwanafunzi wa Maalim zamani, mpaka kidato cha pili, kabla hajaushika mkokoteni wa babake. Na mtu aliyelelewa vizuri hambishii mwalimu wake mbele za watu, hata kama mwalimu huyo anaelekea shimoni. Atamwambia mara moja, kwa adabu, kisha atasimama karibu amshike mkono akianguka.

"Sawa, Maalim," akasema. "Wewe ndiye uliyenipa yai."

Hussam akainua shingo kama kuku aliyesikia mchele. "Yai gani?"

"Sufuri. Hamjui? Kila mwaka Maalim alikuwa na swali moja la mtihani: kuna kabati, upana wake sentimita mia na ishirini, unataka kulitundika kwa kamba moja likae sawa. Kamba utaifunga wapi?"

Hussam akageuka kumtazama Maalim, kisha kabati, kisha Maalim. "Sentimita mia na ishirini? Si hili hili? Maalim! Umewatahini watoto wa watu kwa kabati la mama mkwe wako miaka thelathini na moja?"

Maalim akasugua chaki kwenye vidole. "Ulikuwa mfano mzuri," akasema.

"Na wewe Kazungu ulijibu nini?"

"Wenzangu wote waliandika sentimita sitini. Mimi niliandika: itategemea lina nini ndani." Kazungu akacheka. "Akanipiga sufuri kwa wino mwekundu, akaandika pembeni, 'Kabati ni tupu!' Mamangu Kadzo bado anayo karatasi ile. Mimi baba yangu hamali, Maalim. Nimezaliwa kati ya makabati. Sijawahi kuona tupu."

"Swali lilisema uzito ni sawa kila mahali," Maalim akajitetea.

"Lilisema," Kazungu akakubali. "Lakini kabati halijui kusoma."

Baraza nzima ikacheka, na Maalim naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Kazungu akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo mara tatu, ndani yake kuna ufunguo. "Bi Fairuz amesema huu nimpe Bi Swabaha mkononi, si mwengine. Hata wewe Maalim, samahani, amekutaja kwa jina."

Kikapu kikateremshwa kwa kamba kutoka dirishani, leso ikatiwa, kikapanda. Maalim alikitazama kikipanda na hakufikiri lolote. Mtu aliyesoma sana ana makosa yake, na hilo ni moja: huona kila kitu isipokuwa kilichopita mbele ya pua yake ndani ya kikapu.

* * *

Baada ya sala ya adhuhuri wakaanza. Vipande vya dirisha vilikwisha kung'olewa. Nafasi iliyobaki ilitosha upana wa kabati na vidole viwili kila upande. Wakalisimamisha, wakapitisha mikanda chini na juu, na Maalim mwenyewe akapima kwa futi katikati ya taji, sentimita sitini huku, sitini huku, akatia alama ya chaki. Ndoano ya kapi ikafungwa pale pale. Kazungu, wenzake wawili na Hussam wakashika kamba.

"Kwa pole pole," Maalim akasema. "Bismillahi!"

Kamba ikakaza. Miguu miwili ya kulia ikaachana na ardhi. Ile ya kushoto ikabaki imekanyaga chini, kama mtu asiyetaka kuamka.

"Maalim," Kazungu akaita.

"Litajisawazisha likiondoka. Vuteni!"

Wakavuta. Kabati likaondoka, lakini halikujisawazisha. Likapanda limeinama upande kama mzee aliyesinzia kwenye khutba, na mtaa mzima ukainamisha vichwa kulifuata. Watu walitokea madirishani. Mtu akasema, "Maalim, kabati lako limechoka." Mwengine akasema, "Aa, linasikiliza ukutani, lataka kujua habari za jirani."

Lilipofika dirishani, pembe ya kushoto ya chini ikagonga kizingiti, na pembe ya kulia ya juu ikakwaruza chokaa. Vidole viwili vya nafasi vilikuwa vimekwisha kuliwa na ule mwinamo. Halikuingia. Likajisogeza, likagonga tena, na kipande cha chokaa kikaanguka ndani ya kahawa ya Hussam kule barazani.

Pale juu, Swabaha na Lamis walikuwa wamesimama dirishani, na kioo cha mlango wa kulia, blanketi limeteleza, kikawa uso kwa uso na Swabaha.

"Taib," Swabaha akasema, "najiona nimepinda."

Hakuna aliyecheka. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Literemsheni," Maalim akasema.

Lilipogusa chini, Hussam aliachilia kamba, akatazama viganja vyake, kisha akaenda kuutoa msumeno msumarini. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama daktari anayevaa glavu. "Maalim, ndugu yangu, saa nane imepita. Kukata saa moja, kupandisha, kuunga. Nikianza sasa tutawahi."

Maalim Taib akatazama ukuta wake. Mishale yote ilikuwa mahali pake. Hesabu zilikuwa sahihi, angeweza kuzisahihisha tena mbele ya bodi yoyote ya mitihani. Kwa hivyo, kama hesabu hazikukosea, kabati ndilo lililokosea, na kabati halijui kukosea. Linaangukia pale uzito ulipo.

"Nipe..." akaanza, akauma ulimi kabla "wiki" haijatoka. "Nipe nusu saa."

Akaenda mpaka chini ya dirisha, akainua uso. "Swabaha! Humu mna nini?"

Ukasikika mnong'ono wa mama na binti. Kisha Swabaha akatoa kichwa.

"Kabati la bibi arusi wa kwetu haliingii tupu," akasema. "Ni ada ya mama, na mama yake kabla yake. Likiingia tupu, nyumba inabaki tupu. Kinatiwa kitu, na hakitajwi mpaka miguu minne ikanyage chumbani."

"Miaka thelathini na minne tumeoana sijaisikia ada hii!"

"Utaisikia wapi? Kabati halijaingia."

Hilo lilimpata sawasawa, na mtaa ukatoa "Aaah!" ya watu walioona goli likifungwa.

"Basi fungua, tukitoe kilichomo, tulipandishe, ukirudishe," Maalim akasihi.

"Nitoe vitu vya mwanangu barabarani, Hussam akiviangalia?"

"Mimi nitafumba macho!" Hussam akasema.

"Wewe ukifumba macho unafumbua masikio. Halifunguliwi."

Maalim akageuka. Mbele yake kulikuwa na kabati lisilofunguliwa, seremala mwenye msumeno, na jua linalotembea. Na Kazungu, aliyesimama karibu kabisa, pale mtu husimama akiwa tayari kumshika mwenziwe mkono.

Maalim akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kazungu," akasema, na hii aliisema mbele za watu wote, "wewe ungelifunga wapi?"

Kazungu alikwenda kwenye mkokoteni, akatoa kipande cha bomba la chuma analotumia kuviringishia mizigo. "Mimi sijui kufunga bila kuuliza, Maalim. Kwanza ningelilaza, nililiulize."

Wakalilaza chali juu ya bomba, bomba limenyooka chini ya mgongo wake kutoka miguuni mpaka kwenye taji. Bomba lilipokuwa katikati, upande wa kushoto ulikwenda chini mara moja. Kazungu akalisogeza kabati kwa goti, kidogo, kidogo tena, akiwa amelaza kiganja juu yake kama anayemtuliza ng'ombe. Ghafla likatulia, pande zote mbili hewani, likawa mizani ya duka. Kazungu akaligusa kwa kidole kimoja upande mmoja, likainama. Akaligusa upande wa pili, likarudi.

"Hapa," akasema.

Maalim akapiga magoti barabarani na kanzu yake nyeupe, akatia futi. Kutoka katikati mpaka kwenye bomba: sentimita kumi, kuelekea kushoto. Sentimita kumi! Miaka thelathini na minne ilikuwa imekwama kwenye upana wa kiganja.

Basi angeweza kusema hewala na kufunga kamba. Lakini mwalimu ni mwalimu, na chaki ilikuwa bado mkononi. Akauendea ukuta. "Sikilizeni. Kabati ni kilo mia na ishirini, na uzito wake uko katikati, yaani sentimita kumi kulia kwa bomba. Mia na ishirini mara kumi, elfu na mia mbili. Upande wa pili lazima ulingane, ama lisingetulia. Rafu ziko kushoto, na katikati ya rafu ni sentimita thelathini kutoka kwenye bomba. Kitu gani ukikizidisha kwa thelathini unapata elfu na mia mbili?"

"Arubaini," Kazungu akasema.

Maalim akageuka polepole.

"Hesabu sikufeli, Maalim. Nilifeli kabati."

"Arubaini," Maalim akarudia, akapaza sauti juu. "Swabaha! Mmetia kilo arubaini!"

Dirishani, mama na binti wakatazamana.

"Na rafu zile nazijua," Maalim akaendelea, sasa amechemka. "Hata zikijazwa nguo mpaka mlango ulie, nguo ni nyepesi, hazizidi kilo ishirini na tano. Zilizobaki zimeingiaje mahali padogo hivyo? Humo hamna nguo tu. Mna jiwe!"

Lamis akaziba mdomo kwa mtandio. Swabaha akashika kiuno. "Wallahi mwanamume huyu! Ameshindwa kuziona siri kwa macho, anazipima kwa bomba!"

"Jumla mia na sitini," Maalim akawaambia wavutaji. "Nusu yake themanini. Kila mmoja ishirini."

"Kikapu kimekuwa gunia," Hussam akanung'unika, lakini aliurudisha msumeno msumarini, akatemea mate viganjani, akashika kamba.

Ndoano ikahamishwa sentimita kumi kushoto. Kazungu ndiye aliyeifunga. Maalim alisimama kando na mikono yake nyuma, na safari hii hakusema litajisawazisha.

"Bismillahi."

Miguu minne iliachana na ardhi kwa pamoja.

Kabati likapanda limenyooka, kamba ikilia kwenye kapi, kioo kikipitisha mtaa wote ndani yake: baraza, msumeno, ukuta wa chaki, nyuso zilizoinuka. Watu waliokuwa na maneno wakayameza. Likafika dirishani. Vidole viwili huku, vidole viwili huku. Kijana mmoja wa jirani aliyekwisha kupanda juu akalipokea, Lamis akashika blanketi, Swabaha akashika taji la mama yake kwa mikono miwili, nalo likapita pale dirishani kama mgeni anayejua njia.

Kikafuata kishindo kidogo cha miguu kukanyaga mbao, kisha kingine, na sakafu ya chokaa haikusema kitu. Kigelegele cha Swabaha kilitoka kabla ya mtu yeyote. Kilikuwa kirefu, kimekaa kifuani tangu siku ya arusi yake mwenyewe. Hakijaisha vizuri, adhana ya alasiri ikaanza.

* * *

Hamali walikuwa wakikunja kamba Maalim Taib aliporudi ukutani. Chini ya hesabu zote palikuwa na nafasi ndogo. Akaandika kwa herufi za darasani: *Kazungu Mung'aro, kidato cha pili. Kumi kwa kumi.*

Kazungu akasoma, akasoma tena akifuata kwa kidole. "Tia na saini, Maalim. Mamangu hataamini."

Maalim akatia saini.

"Sasa naingia kidato cha tatu?"

"Unaingia kuja kunifundisha mimi," Maalim akasema. "Kesho kwenye walima utakaa karibu yangu. Uje na Mama Kadzo. Na ile karatasi aje nayo, nina deni la wino."

"Mvua ikinyesha maksi zangu zitafutika," Kazungu akasema, akiitazama chaki.

Hussam, aliyekuwa akichota chokaa kutoka kwenye kahawa yake kwa kidole, akainua kichwa. "Mimi nitakuchongea kwenye ubao, usiwe na wasiwasi. Maana leo nimeamka na msumeno na sina cha kukata."

Maalim akapanda ngazi zile zile za kona, taratibu, magoti yakimdai. Chumba cha Lamis kilinukia udi na mbao za zamani. Kabati lilikuwa limesimama kwenye ukuta wa ndani, refu, limetulia, na mlango wake wa kushoto uko wazi. Lamis alikuwa amekwenda kujitayarisha. Swabaha alikuwa ameketi mbele yake juu ya mkeka kama mtoto, na kanga zimerundikana mapajani.

"Doti hamsini na nne," akasema bila kugeuka. "Mama alianza Lamis alipozaliwa. Kila Idi doti moja, Idi ndogo na Idi kubwa. Alipofariki, Fairuz akaendelea. Miaka ishirini na saba."

Maalim akaketi pembeni yake, akakadiria. "Kilo ishirini na mbili hivi."

"Na hili." Swabaha akalisukuma jiwe la kusagia liwa ya kujisinga bibi arusi, pana, katikati limeliwa na mikono ya wanawake watatu. Maalim akalinyanyua kwa shida, akalipima mkononi kama alivyomwona Kazungu akifanya. "Kumi na moja," akasema, akajishangaa.

"Na kinu cha shaba cha udi."

"Tano." Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena. "Swabaha, hiyo ni thelathini na nane. Bomba lilisema arubaini. Bado kilo mbili."

Swabaha akanyoosha mkono, akausukuma mlango wa kabati ukajifunga, akazungusha ufunguo, akaufunga kwenye ncha ya kanga yake. Katika kioo cha kulia Maalim alimwona akitabasamu, amenyooka kabisa.

"Hizo mbili," akasema, "nipe wiki moja."